Ethelwynn Trewavas: Mwanasayansi aliyewapambanua perege wa mito ya Afrika Mashariki

MIAKA zaidi ya 30 imepita tangu Dk. Ethelwynn Trewavas afariki dunia nchini Uingereza, Agosti 16, 1993, akiwa na umri wa miaka 92. Nje ya duru za wataalamu wa samaki jina lake halisikiki sana. Hata hivyo, kila afisa uvuvi anayeandika jina la kisayansi la sato au perege katika ripoti yake hutumia mpangilio ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya mwanamke huyo.

Kwa wakazi wa bonde la Mto Pangani, kuanzia Makuyuni na Korogwe hadi Hale, pamoja na wenzao wa Handeni walio ng'ambo ya mto, kazi hiyo ina uzito wa pekee. Katika maji yao wanaishi perege wa asili ambao kwa miaka mingi walidhaniwa kuwa ni samaki wa kawaida tu, kumbe hawapatikani katika sehemu nyingine nyingi za dunia. Mmoja wao amepewa jina la mji wa Korogwe. Leo baadhi ya samaki hao wamo katika hatari ya kutoweka, na wanaotaka kuwanusuru hulazimika kuanza pale Trewavas alipoishia, yaani kujua kwanza nani ni nani.

Kutoka ualimu hadi makumbusho

Trewavas alizaliwa Novemba 5, 1900 katika mji wa Penzance, kwenye rasi ya Cornwall iliyoko kusini magharibi mwa Uingereza, eneo ambalo watu wake wengi waliishi kwa bahari na uvuvi. Alipata elimu ya juu mjini Reading, kisha akafundisha shuleni kwa miaka michache kabla ya kurejea katika utafiti.

Mwaka 1928 alianza kufanya kazi chini ya Charles Tate Regan, mtaalamu mkubwa wa samaki wa zama zake, ambaye wakati huo aliongoza Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Kazi zake za mwanzo hazikuhusu Afrika. Yeye na Regan walichambua samaki wa vilindi vya bahari waliokusanywa na meli ya utafiti ya Dana kutoka Denmark, viumbe wenye meno marefu na viungo vinavyotoa mwanga. Pia aliandika utafiti mkubwa kuhusu mifupa ya koo la vyura, kazi iliyomjengea sifa ya mtu asiyekimbilia hitimisho kabla ya kupima kila mfupa.

Mwaka 1935 aliajiriwa rasmi na makumbusho hayo. Mwaka huohuo alichapisha muhtasari wa samaki wa jamii ya perege wa Ziwa Nyasa, ziwa ambalo utajiri wake wa spishi ulikuwa ukiwashangaza na kuwachanganya wasomi wa Ulaya.

Nyakati hizo milango ya sayansi haikuwa wazi sana kwa wanawake. Utumishi wa serikali ya Uingereza ulikuwa na kanuni iliyomtaka mwanamke aache kazi pindi aolewapo, na kanuni hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1946. Katika mazingira hayo Trewavas alipanda ngazi hadi kuwa Naibu Mkuu wa Idara ya Zuolojia mwaka 1958, cheo ambacho wanawake wachache sana wa kizazi chake walikifikia.

Safari ya Ziwa Nyasa

Mwaka 1939 Trewavas alikuwa katika Ziwa Nyasa akiwa mmoja wa wajumbe wa uchunguzi wa samaki na uvuvi wa ziwa hilo. Wenzake walikuwa Kate Ricardo, baadaye akijulikana kwa jina la Bertram, na H. J. H. Borley. Ripoti ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1942, katikati ya vita kuu ya pili ya dunia.

Safari hiyo ilimfundisha jambo ambalo chupa za makumbusho zisingeweza kumfundisha. Samaki aliyehifadhiwa ndani ya pombe hupoteza rangi, na rangi ni miongoni mwa alama muhimu zinazotenganisha spishi, hasa kwa madume wakati wa kuzaliana. Kwa mwanasayansi aliyekuwa akihesabu miiba na magamba mjini London, samaki wawili waliweza kuonekana ndugu wa tumbo moja. Wavuvi wa ziwani, kwa upande wao, walikuwa na jina la kila mmoja, wakijua msimu wake, kina chake na mahali anapotaga.

Mwaka 1941 alichapisha maelezo ya chambo wa Nyasa, akiwatambulisha kwa sayansi samaki wawili wapya. Mmoja alipewa jina la lidole, na mwingine karongae, kutokana na mji wa Karonga ulioko kaskazini mwa ziwa. Chambo walikuwa, na bado ni, kitoweo kinachothaminiwa sana kando ya ziwa hilo. Lidole sasa amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huo ni mfano mmoja wa jinsi jina lililotolewa kwa ajili ya elimu linavyoweza kugeuka kuwa kumbukumbu ya hasara.

Samaki wa Korogwe

Njia aliyoifungua Trewavas ilifuatwa na mwanamke mwingine, Rosemary Lowe, aliyewasili Nyasa mwaka 1945 kuendeleza utafiti wa chambo. Mwaka 1948 Lowe alijiunga na shirika la utafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Jinja, Uganda. Akiwa huko alifika katika Ziwa Jipe na Mto Pangani, akakusanya perege na kuwapeleka London, alikoshirikiana kwa karibu na Trewavas katika kuwatambua.

Matokeo yalitoka mwaka 1955 katika jarida la makumbusho hayo. Lowe alieleza spishi mpya za Ziwa Jipe na Mto Pangani, zikiwamo jipe, pangani na korogwe. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amewapa samaki hao nafasi yao katika vitabu vya sayansi, ingawa walikuwa wakiuzwa na kuliwa kila siku katika miji na vijiji vya bonde hilo.

Lowe mwenyewe hakubaki Afrika Mashariki kuendeleza kazi yake. Alipoolewa na mwanajiolojia Richard McConnell mwaka 1953 alilazimika kuacha utumishi wa kikoloni kwa sababu ya ndoa. Alihamia Amerika Kusini, akaendelea na utafiti hadi kuwa mmoja wa wataalamu mashuhuri wa samaki wa nchi za joto, na alifariki mwaka 2014. Mzigo wa kuunganisha maarifa ya perege wote wa Afrika ukabaki London, mezani kwa Trewavas.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiendelea Korogwe. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kufuga perege katika mabwawa huko Korogwe na Malya, mkoani Mwanza. Ufugaji huo ulienea, na kufikia mwaka 1968 inakadiriwa kulikuwa na mabwawa yapatayo 8,000 nchini, ingawa mengi yalikuwa madogo na mengi yaliachwa kwa uhaba wa maji au kwa kuchimbwa vibaya. Hivyo mji uleule uliompa samaki wa asili jina lake ulikuwa pia miongoni mwa vituo vya kwanza vya sekta ambayo baadaye ingehamisha samaki kutoka bonde moja hadi jingine.

Fumbo la Mto Wami

Mwaka 1966 Trewavas alichapisha mapitio ya perege wa mito ya Afrika inayotiririka kuelekea mashariki, yaani ile inayoishia Bahari ya Hindi. Ramani ya kazi hiyo ndiyo ramani ya maji ya Tanzania ya mashariki, kuanzia Pangani, kupitia Wami, hadi Rufiji na Ruvuma.

Katika kazi hiyo alimpa jina la hornorum samaki wa Mto Wami ambaye tayari alikuwa amezua mjadala wa kimataifa. Samaki huyo alipelekwa Zanzibar, na kutoka huko akafika Malaya, katika kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Malacca. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling alitangaza kwamba dume wa kutoka Zanzibar akipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Kwa wafugaji hiyo ilikuwa habari njema, kwa kuwa bwawa lenye madume peke yao halijazi vifaranga, na samaki hukua wakubwa.

Lakini tukio hilo lilibeba pia onyo. Kama samaki wa mito miwili tofauti wanaweza kuzaana kwa urahisi kiasi hicho ndani ya bwawa, basi wanaweza kufanya hivyo ndani ya mto pia, endapo mwanadamu atawakutanisha. Kwa maelfu ya miaka, milima na nchi kavu iliyotenganisha Pangani na Wami ndiyo iliyowatenganisha perege wake. Ndoo moja ya vifaranga inatosha kuvuka kizuizi hicho kwa saa chache.

Mama mwenye watoto kinywani

Mchango mkubwa zaidi wa Trewavas ulitokana na swali lililoonekana dogo: perege hulea vipi watoto wao?

Kwa muda mrefu perege wote waliwekwa chini ya jina moja la Tilapia. Ilijulikana kwamba baadhi yao hutaga mayai juu ya mawe au mchanga, na wazazi huyalinda hapohapo. Wengine huyabeba mayai kinywani hadi yaanguliwe, na huendelea kuwahifadhi vifaranga humo hadi waweze kujitegemea. Trewavas aliona kwamba tofauti hiyo si tabia ya kupita tu, bali inaendana na tofauti za meno, mifupa ya koo na maumbile mengine, na kwamba inaonyesha historia ya ukoo.

Mwaka 1973 aliwatenga wabeba mayai kinywani na kuwaweka katika kundi la Sarotherodon. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, alikwenda mbali zaidi kwa kuchapisha kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 500. Humo aliwagawa tena wabeba mayai. Wale ambao baba, au wazazi wote wawili, hushiriki kubeba mayai walibaki Sarotherodon. Wale ambao ni mama peke yake anayebeba, huku dume akichimba kiota cha kuvutia majike na kurudi kwenye mashindano yake, waliingia katika kundi la Oreochromis.

Jina hilo la Oreochromis halikuwa jipya. Lilitungwa na Albert Günther mwaka 1889 kwa ajili ya perege wa Ziwa Chala, lile ziwa dogo la kreta lililoko chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Sehemu yake ya kwanza inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mlima. Kwa hiyo jina linaloandikwa leo katika ripoti za ufugaji wa sato kutoka China hadi Brazil lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima uleule unaoulisha Mto Pangani.

Mabadiliko hayo hayakupokewa na wote kwa furaha. Wataalamu wa ufugaji walilalamika kwamba samaki waliyemzoea kama Tilapia nilotica alikuwa amebadilishiwa jina mara mbili ndani ya miaka kumi. Hata hivyo hoja za Trewavas zilisimama, na tafiti za vinasaba zilizofanyika baada yake zimeunga mkono msingi wake kwamba wabeba mayai kinywani ni ukoo uliojitenga na watagaji wa chini.

Alipochapisha kitabu hicho alikuwa na umri wa miaka 82, na alikuwa amestaafu tangu mwaka 1961. Kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu. Mwaka 1972, pamoja na wenzake, alieleza samaki wa Barombi Mbo, ziwa dogo la kreta nchini Cameroon lenye spishi kadhaa zisizopatikana mahali pengine popote. Mwaka 1989, akiwa na miaka 88, alitoa kitabu kingine kuhusu samaki wa Ziwa Nyasa kwa kushirikiana na David Eccles.

Wageni ndani ya mto

Wakati Trewavas akiweka mipaka ya spishi kwenye karatasi, ndani ya maji mipaka hiyo ilikuwa ikivunjwa. Katika miaka ya 1950 sato wa Mto Nile na aina nyingine za perege walipandikizwa katika Ziwa Victoria, na sangara naye aliingizwa. Ngege, samaki wa asili aliyekuwa nguzo ya uvuvi wa ziwa hilo, alipungua hadi karibu kutoweka ndani ya ziwa lenyewe.

Bonde la Pangani halikusalimika. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu, lilipandikizwa ngege wa Victoria. Katika miaka ya mwanzo lilitoa samaki kwa wingi wa kushangaza, kisha mavuno yakashuka. Baadaye sato naye akaingia katika maji ya bonde hilo. Hivyo ngege, aliye mkimbizi aliyepoteza nyumba yake, aligeuka kuwa mgeni anayewabana wenyeji wa nyumba ya wengine.

Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao wa vyuo vikuu vya Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mito na maziwa ya Tanzania, yakionyesha kwamba sato na perege wengine wa kupandikizwa wamekwishaenea katika mabonde mengi ya nchi. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine uliochunguza vinasaba vya perege wa kaskazini mwa Tanzania, akiwamo jipe, ambaye ameorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa. Matokeo yalionyesha kwamba kuchanganyika kwa damu kati ya wenyeji na wageni kupo, lakini bado ni kwa kiwango kidogo.

Matokeo hayo yana pande mbili. Upande mmoja yanatia moyo, kwa kuwa wenyeji halisi bado wapo na wanaweza kulindwa. Upande wa pili yanaonyesha kwamba muda uliobaki si wa kuchezewa. Spishi inayomezwa na nyingine kwa njia ya kuzaana haifi kwa kelele. Mvuvi ataendelea kuvua perege, na sokoni fungu halitapungua, lakini samaki aliyekuwa wa Pangani atakuwa amekwisha bila mtu kuona.

Korogwe naye ana kisa chake. Samaki huyo huishi katika maji ya Pangani na Zigi, lakini amepatikana pia katika maziwa madogo ya Rutamba, mkoani Lindi, mamia ya kilometa kusini. Watafiti waliochunguza vinasaba vya samaki hao wa kusini wamekuta wakitofautiana na ndugu zao wa kaskazini, na katika maziwa hayo pia sato wa kupandikizwa anazaana nao. Kwa upande mwingine, wapo wataalamu wa leo wanaoona kwamba pangani na jipe ni samaki mmoja mwenye majina mawili. Mijadala ya namna hiyo ndiyo Trewavas aliyoiishi maisha yake yote, na marejeo yake ya kwanza bado ni sampuli zilizohifadhiwa London na vitabu alivyoviandika.

Kwa nini jina lina maana

Mtu wa Makuyuni anayetaka kuchimba bwawa la samaki ana haki ya kutafuta kipato. Sato hukua haraka, vifaranga wake hupatikana, na soko lake ni la uhakika. Tatizo ni kwamba bwawa lililo karibu na mto halina ukuta wa kudumu. Mvua kubwa za masika zikifurika, samaki wa bwawani huwa samaki wa mtoni, na hakuna nyavu inayoweza kuwarudisha.

Wataalamu wa hifadhi wamekuwa wakipendekeza kwamba kila bonde lifuge samaki wa asili wa bonde hilo pale inapowezekana, na kwamba maji ambayo hayajaingiliwa na wageni yatambuliwe na kulindwa mapema. Kuna sababu ya kiuchumi pia. Perege wa asili hubeba vinasaba vilivyozoea joto, chumvi na magonjwa ya maji ya kwao, na wafugaji wa kesho wanaweza kuvihitaji kuboresha mbegu, kama Malacca ilivyomhitaji samaki wa Wami.

Hakuna hata moja ya hatua hizo inayoweza kuchukuliwa na mtu asiyeweza kumtofautisha korogwe na sato akiwa mkononi. Afisa atakayeandika perege kwa samaki wote wa Pangani hataona pale mmoja wao atakapopungua. Ethelwynn Trewavas alitumia zaidi ya miaka 60 akihesabu meno, magamba na mifupa ili tofauti hizo ziweze kuonekana na kuandikwa. Kuwabakiza samaki wenyewe mtoni ni kazi ambayo ameiacha kwa walio hai.